Vipande vidogo vya takataka angani havionekani. Ni nani alivihesabu?

*"Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Makueni. Tangu ile pete ya chuma ianguke kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, wanafunzi wangu hawaishi kuniuliza habari za takataka za angani. Juzi mmoja alisema: kama rada inaona kipande cha ukubwa wa embe kikiwa kilomita 800 juu, mbona isione na cha ukubwa wa ndengu ili setilaiti ikikwepe? Mwenzake akaongeza kwamba amesoma vile vidogo vinazidi milioni 100. Nilirudi nyumbani nikijiuliza: kama havionekani, ni nani alivihesabu? Si wanakisia tu? Halafu kuna la kwangu binafsi. Mwanangu yuko chuo kikuu na amejiunga na kikundi kinachounda setilaiti ndogo. Kuna faida gani kupeleka kitu huko juu kikatobolewe na kokoto? Na sisi huku chini, tuendelee kulala na wasiwasi?"*

Mwalimu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo jepesi kuliko yote na ndilo linalowanyima watu usingizi.

Pete iliyoanguka Mukuku tarehe 30 Desemba 2024 ilikuwa na kipenyo cha kama mita 2.5 na uzani wa kilo zipatazo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, na kwamba vitu kama hivyo kwa kawaida huungua vinaporudi kwenye hewa au huelekezwa viangukie mahali pasipo watu, kama vile baharini. Safari hii haikuwa hivyo, na kwa watu waliousikia ule mshindo, hofu yao ilikuwa halali kabisa. Hata hivyo, hadi leo hakuna kifo hata kimoja kilichothibitishwa cha mtu aliyepigwa na takataka iliyotoka angani, ilhali radi huua watu kila mwaka katika nchi zetu. Vile vidogo wanavyouliza wanafunzi wako ndivyo kabisa visivyoweza kukufikia: cha ukubwa wa ndengu huungua kikaisha makumi ya kilomita juu ya paa lako. Ikiwa siku moja kitaanguka tena kitu kikubwa, watoto wasikikaribie na mtu yeyote asikiguse, maana matangi ya roketi huweza kubaki na mafuta yenye sumu. Mwiteni chifu au polisi, nao wawaite watu wa Shirika waje wenyewe.

Kwa hiyo takataka ndogo hazina shida nasi tulio chini. Shida yake iko huko huko juu, kwa setilaiti na kwa binadamu wanaoishi katika vituo vya angani.

Kosa la kwanza ninalolisikia kila mara, hata kwa watu waliosoma, liko katika neno "kuelea". Tunasema takataka zinaelea angani, na mtu anapata picha ya mfuko wa plastiki ukicheza juu ya maji ya bwawa. Hakuna kinachoelea. Ili kitu kisianguke kikiwa kilomita mia kadhaa juu, lazima kikimbie kwa kasi ya kama kilomita 7.5 kwa sekunde. Ni kutoka Nairobi hadi Mombasa, kwa mstari ulionyooka, kwa muda wa dakika moja. Na njia hizo hazielekei upande mmoja kama magari ya barabara kuu. Nyingine hupita juu ya ncha za dunia, nyingine huzunguka karibu na ikweta, nyingine hukata katikati kwa mshazari. Vitu viwili vinapokutana kwenye makutano ya njia hizo, kasi ya kugongana huwa kwa wastani kilomita 10 kwa sekunde, na vikija uso kwa uso hukaribia 15.

Hesabu hii unaweza kuifanya ubaoni kesho. Chukua gololi ya alumini yenye kipenyo cha sentimita 1. Uzani wake ni gramu 1.4 hivi. Tia katika nusu ya masi mara mraba wa kasi, ukitumia mita 10,000 kwa sekunde, utapata jouli 70,000. Sasa chukua Probox tupu, tuseme tani moja, ikienda kilomita 43 kwa saa: ni nishati ile ile. Tofauti ni kwamba Probox inagonga kwa upana wa bampa lake lote, na gololi inaimwaga nishati yake yote mahali penye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

Niliwahi kushika mkononi bamba nene la alumini lililopigwa katika maabara na kitone cha milimita chache kwa kasi ya namna hiyo. Nilitarajia tundu kama la risasi. Nilichokuta ni bakuli, duara kamili, pana mara kadhaa kuliko kile kitone, na ukingo wake umejikunja nje kama midomo ya ua. Chuma kilikuwa kimetiririka kama uji, halafu kikaganda palepale. Nikaligeuza bamba. Kitone hakikupenya hadi upande wa pili, lakini upande ule ulikuwa umevimba na kumeguka, vipande vikaruka kutoka ndani. Sababu ni kwamba sauti husafiri ndani ya alumini kwa kilomita 5 hadi 6 hivi kwa sekunde. Kinachogonga kwa kasi kuliko hiyo hakikipi chuma nafasi ya "kusikia" kwamba kimegongwa na kusogea. Chuma hupondwa, huyeyuka, hata kuwa mvuke, na mshtuko hupita mbele ukabomoa upande wa nyuma. Ndiyo maana neno "kokoto" katika barua yako, ingawa nalielewa, linapunguza ukali wa jambo lenyewe.

Sasa rada. Mwanafunzi wako ameuliza swali zuri sana, na jibu lake liko katika silabasi unayoifundisha: mawimbi.

Ukisimama gatini Malindi au Lamu ukatazame maji, utaona wimbi likifika kwenye nguzo nyembamba hupita tu, linaizunguka na kuendelea kana kwamba nguzo haipo. Wimbi lile lile likikuta ubavu wa jahazi kubwa hurudi nyuma. Wimbi huona vitu vilivyo vikubwa kulingana na urefu wake lenyewe, na vidogo huvipita. Rada nyingi za zamani za kulinda anga, zilizojengwa ili kuona makombora yakija, hutumia mawimbi yenye urefu wa kama sentimita 70. Embe lina sentimita 10. Tayari embe liko upande wa nguzo nyembamba, si upande wa jahazi.

Kitu kikiwa kidogo kuliko wimbi kwa kiasi hicho, mwangwi wake haupungui taratibu. Hupungua kwa kipeo cha sita cha ukubwa wake. Punguza kipenyo kwa nusu, mwangwi unashuka mara 64. Toka sentimita 10 uende sentimita 1, mwangwi unashuka mara milioni moja. Waandikie wanafunzi hiyo 1 yenye sifuri sita, uwaache waitazame kidogo. Juu ya hapo kuna umbali: mawimbi hutawanyika yakienda na hutawanyika tena yakirudi, kwa hiyo kitu kikiwa mbali maradufu mwangwi wake hudhoofika mara 16. Huo ndio ukuta ambao rada inaugonga kati ya embe na ndengu.

Ukuta huo unaweza kupunguzwa kwa kutumia mawimbi mafupi. Marekani walijenga rada mpya kwenye kisiwa cha Kwajalein, katika Visiwa vya Marshall, ikaanza kazi rasmi Machi 2020. Inaitwa Space Fence, na mawimbi yake ni mafupi mara kadhaa kuliko yale ya zamani. Huona vitu ambavyo rada zilizotangulia hazikuvifikia. Lakini hapa ndipo nataka tusimame, Mwalimu, kwa sababu ndipo penye kiini cha swali lako: kuona kitu mara moja si kukifuatilia.

Kufuatilia ni kukijua kitu kwa jina. Ni kukiona leo kikipita juu ya Pasifiki, kukiona tena baada ya saa kadhaa mahali pengine, kuthibitisha kwamba ni kile kile wala si ndugu yake, kupiga hesabu ya njia yake, kisha kutabiri kesho kitakuwa wapi. Na kesho ukiangalie tena, kwa sababu utabiri unachacha. Hata kilomita 500 juu kuna hewa nyembamba mno inayokivuta nyuma, na hewa hiyo huvimba jua likichafuka. Kipande chepesi na kipana, kama cha utando wa kuzuia joto, huvutwa ovyo kuliko kipande kizito cha chuma. Usipokiona siku chache unakipoteza, na ukikiona tena hutajua kama ndicho. Vitu vinavyofuatiliwa kwa namna hii leo ni vipatavyo 40,000. Karibu vyote ni vya ukubwa wa embe au zaidi.

Basi hiyo milioni 100 imetoka wapi?

Wewe uko katika nchi yenye malaria, kwa hiyo njia yenyewe unaifahamu. Watafiti wakitaka kujua mbu ni wangapi kijijini hawamkimbizi kila mbu. Hutundika mtego wa taa kando ya chandarua katika nyumba chache, asubuhi wakahesabu walionaswa, wakajua ni wa aina gani. Kutokana na mitego hiyo wanakadiria idadi ya kijiji kizima, na makadirio yao ni mazuri kiasi kwamba serikali hupangia dawa. Lakini muulize mtafiti huyo ni mbu gani atakayekuuma wewe usiku wa leo: hana la kukuambia. Anajua hesabu, hajui anwani.

Huko Massachusetts, Marekani, kuna rada inayoitwa Haystack, yenye sahani pana kama mita 37 na mawimbi ya sentimita 3. Wanaohesabu takataka hawaizungushi kutafuta chochote. Huielekeza upande mmoja wa mbingu na kuiacha ikodoe macho. Mwale wake ni mwembamba: ukifika kilomita 1,000 una upana wa kama kilomita moja tu. Kitu kinachopita katika mwale huo kwa kilomita 7.5 kwa sekunde hukaa ndani yake kama sehemu moja ya nane ya sekunde. Rada inaandika: kimepita kimoja, urefu huu, ukubwa huu, mwelekeo huu. Halafu kimepotea, hakitajulikana tena. Kwa saa nyingi za kukodoa macho, mwaka baada ya mwaka tangu 1990, ndipo hesabu inajengeka. Haystack huona hadi ukubwa wa ndengu, milimita 5 hivi, kwenye kilomita 1,000. Mitambo ya Goldstone, katika jangwa la California, iliyojengwa kwa ajili ya kuzungumza na vyombo vilivyoko kwenye sayari za mbali, ikigeuzwa kufanya kazi hii hushuka hadi milimita 2 au 3.

Na mtego huo umewahi kunasa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Miaka ya mwanzo ya 1990, Haystack ilikuta vitu vingi mno kwenye urefu wa kilomita 900 na kitu, na jinsi mwangwi ulivyorudi ilionyesha ni vya duara, laini, kama matone. Vilikuwa matone kweli. Setilaiti za Urusi ya Kisovieti za kupeleleza meli baharini zilikuwa na vinu vidogo vya nyuklia, vilivyopozwa kwa mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu ulio majimaji. Kiini cha kinu kilipotupwa nje baada ya kazi kwisha, madini hayo yakavuja angani na kubaki yakizunguka kama shanga. Mtu anayekisia hawezi kugundua jambo asilolifikiria. Anayehesabu anaweza.

Chini ya milimita moja tunategemea kitu ulichonacho hata kwenye sufuria za jikoni: alama za kugongwa. Mwaka 1990 chombo cha anga cha Marekani kilirudisha duniani mtambo mkubwa kama basi, LDEF, uliowekwa angani ili ionekane hali ya huko inavifanya nini vifaa, ukakaa karibu miaka 6. Ulikutwa na vishimo zaidi ya 30,000. Mwaka 1983 dirisha la chombo Challenger lilirudi na kishimo cha milimita chache. Walipochunguza masalia ndani yake walikuta rangi. Chembe ya rangi ya kawaida, ya kupaka, iliyobanduka kwenye roketi au setilaiti fulani. Dirisha lilibadilishwa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wanakisia, nakujibu kwa sehemu. Hesabu ya vipande vya sentimita 1 na zaidi, vinavyokadiriwa kupita milioni moja, imesimama juu ya vipimo vizuri. Hesabu ya vile vya milimita 1 hadi sentimita 1, ndiyo hiyo milioni 100 na zaidi, ina pengo ambalo wataalamu wenyewe hulisema wazi. Sehemu za vyombo tulizowahi kurudisha na kuzichunguza zilitoka kwenye kama kilomita 600 au chini yake, na rada zinafifia karibu na milimita 3. Chembe za milimita 1 au 2 kwenye kilomita 800, mahali palipojaa setilaiti za kupima hali ya hewa na mazingira, hatujawahi kuzipima moja kwa moja. Pale tunatumia mifano ya kihesabu. Waambie wanafunzi hivyo hivyo, bila kuwafichia.

Pengo hilo linauma, kwa sababu chembe hizo ndizo zinazogonga. Tarehe 23 Agosti 2016, setilaiti ya Ulaya Sentinel-1A ilipungukiwa umeme ghafla na njia yake ikasogea kidogo. Bahati nzuri ilikuwa na kamera ndogo zilizowekwa kutazama paneli za sola zikifunguka baada ya kurushwa. Waliziwasha, wakaona paneli moja imepata jeraha la upana wa sentimita 40 hivi. Kilichogonga kilikuwa cha milimita chache tu. Desemba 2022, chombo cha Urusi Soyuz MS-22, kikiwa kimeunganishwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilianza kumwaga maji ya kupozea kupitia tundu lisilofika milimita moja. Wanaanga 3 waliotarajia kurudi baada ya miezi 6 wakakaa zaidi ya mwaka, hadi Septemba 2023. Warusi walisema hicho kilikuwa kijiwe cha asili, si takataka ya binadamu, na ni vizuri wanafunzi wajue kwamba vijiwe hivyo vipo na vilikuwepo kabla ya setilaiti ya kwanza. Tena Novemba 2025, wanaanga wa China wakaahirishiwa safari ya kurudi nyumbani kwa sababu dirisha la chombo chao, Shenzhou-20, lilikutwa na nyufa ndogo zilizoshukiwa kusababishwa na takataka. Walirudi kwa chombo kingine.

Dhidi ya chembe kuna kinga. Mwaka 1947, miaka 10 kabla ya setilaiti ya kwanza, mtaalamu wa nyota wa Marekani, Fred Whipple, alipendekeza ukuta mwembamba uwekwe mbele ya ukuta wa chombo, na nafasi tupu katikati. Ukuta wa mbele haukizuii kitu. Kazi yake ni kukivunja. Kwa kasi ile, chembe ikigonga hata karatasi ya bati hulipuka ikawa wingu, na wingu likivuka ile nafasi hutawanyika, likaupiga ukuta wa pili kama mchanga badala ya risasi. Kituo cha Kimataifa kimevishwa ngao za namna hiyo, zile nzito zikiongezewa tabaka za vitambaa vigumu katikati, na hustahimili hadi karibu sentimita 1. Lakini ngao ni uzito na uzito ni pesa. Setilaiti nyingi zisizo na watu hazina ngao ya maana.

Dhidi ya maembe kuna kukwepa. Kwa Kituo cha Kimataifa, kitu kinachofuatiliwa kikionekana kitapita karibu, wanapiga hesabu ya uwezekano wa kugongana. Ukizidi 1 kwa 10,000 na muda ukiruhusu, injini huwashwa na kituo husogezwa. Imefanyika zaidi ya mara 30. Muda usiporuhusu, wanaanga huingia katika vyombo vyao vya kurudia nyumbani, wakafunga milango na kusubiri, kama walivyofanya tarehe 15 Novemba 2021 baada ya Urusi kuilipua setilaiti yake yenyewe, Kosmos 1408.

Hata huku kukwepa kusidhaniwe ni jambo la uhakika. Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, kilomita 789, setilaiti ya mawasiliano Iridium 33 iligongana na Kosmos 2251, ya Kirusi, iliyokuwa imekwisha kufa zamani. Zote mbili zilikuwa zikifuatiliwa. Zote zilikuwa kubwa. Makadirio yaliyokuwa wazi kwa umma siku hiyo yalionyesha zitapishana kwa mita 584. Mita 584 ni mbali, ungedhani. Lakini makosa ya utabiri yalikuwa makubwa kuliko umbali huo, na kwa siku moja yalikuwepo mapishano mengi mengine ya namna hiyo ambayo hayakuleta kitu. Vipande zaidi ya 2,000 vya kufuatilika vilizaliwa, na vidogo visivyohesabika.

Kati ya ndengu na embe, hapo hakuna ngao wala onyo. Kipande cha sentimita 3 kinapita ngao yoyote inayobebeka, na hakimo kwenye orodha ya kukwepwa. Kwa kituo chenye watu hilo ndilo eneo ninaloliogopa. Kwa setilaiti za kawaida, kinachokatisha maisha yake kwa wingi wa uwezekano ni zile milimita chache, kwa sababu ziko nyingi mno kuliko sentimita.

Huenda wanafunzi wamesikia pia kwamba siku moja kugongana kutazaa kugongana, na kwa saa chache anga yote ifungwe. Wazo la asili lilitolewa mwaka 1978 na watafiti Donald Kessler na Burton Cour-Palais, na ni la kweli, ila mwendo wake ni wa miongo na karne, tena hutofautiana kwa urefu. Urefu ndio kila kitu. Mfano wetu wenyewe ni Uhuru, setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya Jamhuri ya 1970. Ilikuwa kama kilomita 530 juu. Hewa ile nyembamba iliivuta kidogo kidogo, na Aprili 1979 ikarudi na kuungua. Vanguard 1 ya Marekani ilirushwa 1958, ni tufe la ukubwa wa balungi, na haishuki chini ya kilomita 600. Iko huko hadi leo, imenyamaza tangu 1964. Mwaka 2007 China ilipoilipua setilaiti yake Fengyun-1C kwenye kilomita 865, ilizaa vipande zaidi ya 3,000 vya kufuatilika mahali ambapo hewa haitavisafisha upesi. Wajukuu wa wanafunzi wako watavikuta. Jambo hili linanikasirisha kila ninapolifikiria, kwa sababu halikuwa ajali.

Ndiyo maana mimi naweka matumaini zaidi katika kuvitoa vikubwa kuliko katika kuviona vidogo. Roketi moja iliyokufa, tani kadhaa, ni maelfu ya ndengu ambazo bado hazijazaliwa. Mwaka 2024 chombo cha Kijapani, ADRAS-J, kiliikaribia roketi iliyokufa hadi kama mita 15 na kuipiga picha, jambo gumu mno kwa kuwa roketi ile haikujengwa kushikwa wala haizungumzi. Upande wa kuona vidogo kuna utafiti wa kusisimua: chembe hupata chaji ya umeme ikipita katika gesi yenye chaji iliyoko juu, na huenda ikaacha viwimbi kama mtumbwi unavyoacha mkia majini, viwimbi vipana kuliko chembe yenyewe. Marekani wana mpango wa utafiti wa mambo haya, SINTRA. Ni wazo zuri. Bado si chombo cha kazi, na hata likifaulu, lile tatizo la kukijua kitu leo na kesho lingalipo.

Sasa tuje kwa mwanao. Setilaiti ndogo za vyuo vikuu, zenye upana wa sentimita 10, zinatoa eneo dogo sana la kupigwa, na nyingi huishi miaka michache tu. Kinachoziua kwa kawaida ni betri, redio isiyojibu, au kiungo kilichochomelewa vibaya. Ile ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilitolewa kutoka Kituo cha Kimataifa Mei 2018, ikafanya kazi yake, na mwaka 2020 ikarudi kuungua kama ilivyopaswa. Taifa-1, ya Shirika la Anga za Juu la Kenya, ilifuata Aprili 2023. Kwa hiyo asiache. Ajifunze, achafue mikono.

Ila swali lenyewe ligeuzwe. Asiulize tu takataka zitaifanya nini setilaiti yake. Aulize setilaiti yake itakuwa nini siku itakapokufa. Haina injini, haiwezi kukwepa mtu, na kuanzia siku hiyo ni embe lingine kwenye orodha. Ikiwa kilomita 400 hadi 500, hewa itaisafisha kwa miaka michache. Wakipewa nafasi ya bei nafuu kwenye roketi inayokwenda kilomita 700 au 800, waikatae, hata kama chuo kitaona wamepoteza bahati. Marekani mwaka 2022 ilipitisha kanuni inayodai setilaiti za chini zinazopata leseni yake ziondoke ndani ya miaka 5 baada ya kazi kwisha, badala ya 25 ya zamani, na mimi ningeichukua miaka 5 kama kipimo hata pasipo kulazimishwa. Wahakikishe betri inaweza kuzimwa na kumalizwa chaji mwishoni, kwa sababu betri iliyoachwa ikiwa imejaa huweza kupasuka miaka kadhaa baadaye na kuzaa ndengu.

Mambo haya hayamalizwi kwa barua. Kabla ya kuchora mchoro wa kwanza, kikundi kiende ana kwa ana kwa Shirika la Anga za Juu la Kenya, na kwa Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu masafa ya redio. Kisha wamuulize atakayewarushia maswali mawili: mtatuachia urefu gani, na onyo la kugongana likija saa nane usiku litapigwa kwa simu ya nani? Hilo la pili vikundi vingi huwa havina jibu lake. Namba ya mwanafunzi atakayehitimu mwakani haitoshi. Iwe ya mtu atakayekuwepo hadi setilaiti iungue. Wakishapata majibu, niandikie tena, Mwalimu. Ningependa sana kujua wamechagua urefu gani.